Mbele ni pa Wenye Alama

Mwalimu huyu wa hesabu alikuwa na mdomo, na mdomo wenyewe haukujua likizo. Wanafunzi walimwita Bi Sifuri. Sifuri alizigawa bila huruma, kwa kalamu nyekundu, duara lililofungwa vizuri, na ndani ya duara alichora macho mawili na midomo iliyonuna ili aliyeipata asijisahau. Jina hilo alilijua na lilimpendeza. Aliwahi kumfuma mtoto wa kidato cha kwanza akilichonga juu ya dawati kwa ncha ya bikari, na badala ya kumpeleka kwa mkuu wa shule akamwambia amelichonga ovyo, herufi zimelala, arudie.

Kwa miaka ishirini na sita, kila mwaka alikuwa amepeleka darasa moja la kidato cha nne kwenye mtihani wa mwisho wa hesabu, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Watoto wake mwenyewe walishaoa na kuolewa wakaenda zao, nyumbani kabaki yeye na mume wake fundi cherehani, na ukitaka ukweli, kitu alichokuwa nacho cha kujivunia duniani ni kile kidato cha nne. Wahandisi wote wa mji huu wamepita mkononi mwangu, alikuwa akisema bila haya, na ambao hawakuwa wahandisi ni kwa sababu hawakusikiliza.

Darasani kwake watu walikaa kwa alama. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi aliwatoa wote nje na mabegi yao, akasimama mlangoni na daftari, akawaita ndani mmoja mmoja kuanzia wa kwanza. Wa kwanza alikaa mbele kabisa, wa pili ubavuni mwake, hivyo hivyo mpaka dawati lililogusa ukuta wa nyuma. Mbele ni pa wenye alama, aliwaambia. Nyuma ni pa abiria. Kuna wazazi waliokuja kulalamika. Akawauliza kama wao wanapouza nyanya huweka zilizooza juu, wakaondoka.

Kidato cha tatu alichokuwa nacho mwaka huo kilikuwa na wanafunzi arobaini na watatu, na alikuwa nao tangu kidato cha kwanza. Wa arobaini na tatu, miaka yote hiyo, alikuwa msichana yule yule, mrefu, mkimya, shingo yake ameiinamisha muda wote kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Kwa kuwa ndiye aliyeshika mkia, Bi Sifuri alimwita Mkia, na darasa zima likafuata. Mkia, amka. Mkia, funga dirisha. Msichana aliitika. Masomo mengine alijikongoja kwa masikio, hapa thelathini na nane, pale arobaini, lakini hesabu alipata tatu, alipata nne, na kuna mwezi hakupata kitu kabisa akachorewa yale macho na ile midomo.

Hata hivyo tusimnyime haki yake: mama huyu alijua kufundisha. Chaki aliichonga kwa wembe mpaka ikatoa ncha, akaandika namba ndogo ndogo, safi, mistari imenyooka bila rula, na ubao mmoja ulimtosha somo zima bila kufuta. Huku akiandika, mgongo kwa darasa, alieleza. Hii tunaitoa hapa tunaipeleka kule. Hii na hii zinakufa, inabaki hii. Mnaona? Waliokaa mbele waliona hesabu ngumu inalegea yenyewe kama fundo la kamba ya kiatu, na wengi wao hawakuisahau tena maishani.

Basi, mambo yakiwa hivyo, mkuu wa shule akaenda semina. Huyu ni mtu ambaye barua pepe zake alichapiwa na karani na kusomewa na karani, lakini alikaa siku tatu katika hoteli yenye baridi ya mashine, akarudi na mkoba wenye maandishi ubavuni na maneno mapya kinywani. Akawaita walimu wote. Akawaambia kwamba mtoto wa leo amezaliwa na skrini mkononi, kwamba chaki inamchosha mtoto wa leo, kwamba mtoto wa leo lazima ashirikishwe. Mtoto wa leo, mtoto wa leo, mpaka mwalimu wa historia akasinzia. Kilichofuata ni vishikwambi hamsini ndani ya maboksi, pamoja na ubao mmoja mkubwa wa kioo uliotundikwa ukumbini na ambao mkuu alikataza usivuliwe nailoni yake, eti utashika vumbi.

Kampuni iliyoleta vifaa ilituma na kijana wa kuwafunza walimu. Alikuwa na suruali ya kubana na kibandiko cha jina kifuani, na alitumia asubuhi nzima kuwaeleza watu wazima wenye shahada zao jinsi ya kubonyeza kitufe. Bi Sifuri alimuuliza swali moja tu: hiki kitu kinafundisha saba mara nane? Kijana akatabasamu, akasema kwamba hiki kitu kinageuza kujifunza kuwa safari. Bi Sifuri akamjibu kuwa yeye hasafiri, akaendelea kusahihisha madaftari aliyokuja nayo.

Upuuzi wenyewe ulikuwa hivi. Kila mwanafunzi alipogusa kioo, mashine ilihesabu. Miguso ikiwa michache somo lilipewa rangi nyekundu, ikizidi kidogo njano, ikiwa mingi kijani. Rangi zote zilikusanyika kwenye skrini ofisini kwa mkuu, jina la kila mwalimu na rangi yake, na mkuu alikaa mbele yake na kikombe cha chai kama mtu anayetazama mpira. Hakuna aliyeuliza mtoto amegusa nini, au amegusa akiwa anatazama wapi. Mtoto angeweza kukiegemeza kiwiko pale akalala, na mwalimu wake akapata kijani.

Bi Sifuri angecheka tu, lakini mkuu akatangaza jingine. Kidato cha tatu kilikuwa na mikondo miwili, mmoja wa Bi Sifuri na mwingine wa mwalimu kijana. Mwakani mikondo itaunganishwa, na mwalimu mmoja tu atapanda nayo kidato cha nne. Mwingine ataanza upya na kidato cha kwanza. Katikati ya muhula atakuja mkaguzi, mgeni mzito, ataona masomo ya wote wawili, na hapo ndipo itaamuliwa. Mkuu aliyasema hayo akitazama dirisha badala ya kumtazama yeye. Bi Sifuri alirudi nyumbani siku hiyo akaosha vyombo, hata vilivyokuwa safi.

Mwalimu kijana waliyekuwa wakimshindanisha naye aliitwa Waya, kwa sababu muda wote alikuwa na nyaya shingoni, moja ya kuchaji, moja ya kuunganisha, moja sijui ya nini. Hakuwa mbaya. Alikuwa na moyo mweupe kabisa, na ndani ya moyo huo hamkuwa na hesabu nyingi. Darasani kwake jibu sahihi lilikuwa ndani ya baluni, na ukiligusa baluni linapasuka, nyota zinashuka, sauti inasema hongera. Ukigusa baluni lisilo sahihi linapasuka vile vile, ila nyota hazishuki. Watoto walipasua mabaluni kwa vidole kumi. Skrini ya mkuu ikawaka kijani juu ya jina la Waya kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Siku moja Bi Sifuri aliwasimamisha watoto wa Waya ukumbini akawauliza leo wamejifunza nini. Wakamwambia kwa furaha kwamba leo wamepasua mia mbili. Aliisimulia hiyo katika chumba cha walimu kila siku kwa wiki mbili, kila siku akiiongezea chumvi, na Waya mwenyewe akicheka pamoja na wengine, maskini, akidhani anasifiwa.

Bi Sifuri mwenyewe jina lake lilikuwa jekundu. Alichofanya ni kile kidogo ambacho asipokifanya ataitwa ofisini. Walimu wote walitakiwa kutoa maandishi ya masomo yao yaingizwe kwenye vishikwambi, basi akamkabidhi kijana wa kampuni madaftari yake sita, kazi ya miaka ishirini na sita, mifano yote hatua kwa hatua, akamwonya asibadilishe hata nukta. Kila somo aliruhusu vishikwambi viwashwe dakika kumi za mwanzo. Baada ya hapo alisema funika, akachukua chaki. Na kila Ijumaa kulikuwa na maswali ishirini ya kujibu humo humo kwenye mashine, hilo nalo halikuwa na kukwepa.

Lakini betri za vishikwambi hivyo zilikuwa za kwenda na kurudi. Ikifika saa nne asubuhi vingi vilikuwa vimezimika, na darasa lilikuwa na soketi moja tu, kwenye ukuta wa nyuma. Kwa hiyo vilivyochajiwa vilibaki nyuma na vilivyokufa vilikaa mbele, wanafunzi bora wakiwa wameshika vioo vyeusi wanavyojitazamia meno. Bi Sifuri alifurahi sana. Mashine ziende kwa abiria, alisema, wenye akili wana mimi.

Hivyo ndivyo Mkia alivyopata kishikwambi chenye moto kila siku, waya ukiwa ukutani karibu na bega lake.

Bi Sifuri alianza kumwona akifanya kitu cha ajabu. Msichana aliweka vidole viwili katikati ya kioo akavitanua, akavitanua tena, mpaka namba moja ikajaa kioo kizima. Akaisogeza kidogo, ikaja nyingine. Akaisogeza, ikaja alama ya kujumlisha, kubwa kama sahani. Aliinama juu yake dakika zote kumi, na aliposikia funika aliondoa mikono kama mtu aliyenyang'anywa sahani kabla hajashiba. Bi Sifuri alisimama mbele akaiona ile saba kubwa inang'aa huko nyuma, akaliambia darasa ligeuke litazame, Mkia amerudi chekechea, leo anasoma namba saba, kesho Mungu akipenda ataona nane. Walicheka. Walikuwa wamezoea kucheka pale anapotaka wacheke.

Ijumaa ya kwanza Mkia alipata sita kati ya ishirini. Ijumaa ya pili kumi na moja. Ijumaa ya tatu kumi na sita, na wa kwanza wa darasa siku hiyo alipata kumi na saba. Bi Sifuri aliangalia namba hizo zaidi ya mara moja. Kwanza aliona mashine imeharibika. Kisha akaona msichana ananakili, lakini huko nyuma atanakili kwa nani, wakati jirani yake wa kulia ana tano na wa kushoto ni ukuta? Akarudi kwenye mashine. Ikabidi mashine iwe inatoa majibu yenyewe, labda ukikigusa kioo sana kinakuonea huruma. Katika daftari lake la alama akafuta zote tatu akaandika sifuri, sifuri, sifuri. Msichana alipewa karatasi ya alama zake, akaisogeza karibu kabisa na uso, akaitazama, akaikunja mara mbili akaiweka mfukoni.

Wiki hiyo hiyo, jioni moja, Bi Sifuri alikuwa anasahihisha mezani huku mume wake amekaa kwenye cherehani na simu mkononi. Macho ya fundi yalikuwa yameanza kumtoroka. Sindano alikuwa akitungiwa na mkewe, na ujumbe wa wateja aliusoma kwa kuupanua kwa vidole viwili mpaka maneno matatu yakajaa kioo, kisha anausukuma pole pole, shingo imeinama, midomo inacheza. Bi Sifuri alimuuliza kama anasoma ujumbe au anapaka nyumba rangi.

"Cheka tu, mama watoto," alisema fundi bila kuinua kichwa. "Akili ninayo ile ile. Herufi ndizo zilizopungua."

Bi Sifuri akacheka kweli, akamtungia uzi, akarudi kwenye madaftari yake. Mwanamke aliyeweza kugundua kosa la nukta moja katika ukurasa mzima aliangalia shingo ile, vidole vile, na hakugundua lolote.

Kichwani alikuwa na mpango, na mpango wake ulikuwa Mkia. Mgeni akija, Waya atapasua mabaluni yake na kupata kijani chake. Yeye atamwonyesha mgeni kwamba kijani ni uongo mtupu. Atamsimamisha mtoto wa mwisho darasani, ambaye mashine imempa kumi na sita kati ya ishirini, amwambie asome mstari mmoja tu ubaoni. Mtoto atashindwa. Mgeni atajionea, rangi za mkuu zitakufa palepale, na kidato cha nne kitabaki kwa mwenyewe. Ulikuwa mpango mzuri sana, isipokuwa ulihitaji mtoto wa watu wa kukanyagia, na hilo halikumsumbua hata kidogo.

Mkaguzi alifika siku ya Alhamisi, mama mnene mwenye daftari gumu na viatu vya kimya. Mkuu alivaa tai. Waliingia kwanza kwa Waya, na kelele za mabaluni zilisikika mpaka jikoni. Wanasema mkaguzi mwenyewe alipasua matatu. Kisha wakaja kwa Bi Sifuri, wakakaa kwenye viti viwili kando ya mlango. Darasa lilisimama, likasalimia, likaketi.

Bi Sifuri aliandika ubaoni swali lile lile la Ijumaa ya tatu, amebadilisha namba tu. Aliliandika kwa ule mwandiko wake, mdogo, safi, kama ulioshonwa. Kisha akageuka.

"Mkia. Simama utusomee."

Msichana alisimama, mkono mmoja umeshika waya wa kuchaji. Alitazama mbele. Alikaza macho mpaka uso mzima ukakunjamana, na hakusema kitu. Darasa likaanza kucheka chini chini. Mkaguzi aliinua kichwa kutoka kwenye daftari, na mkuu akakohoa.

Bi Sifuri alimpa mkaguzi karatasi ya mashine. Kumi na sita kati ya ishirini, alimweleza, hayo ndiyo matokeo ya huyu kwa mujibu wa vifaa vyetu vipya, na huyu hapa mwenyewe hawezi kusoma mstari mmoja. Aliieleza kwa utulivu, vizuri, na mkaguzi akaanza kutikisa kichwa kwa namna ya mtu anayekubali. Mkuu alikuwa ameshaanza kutoa jasho. Bi Sifuri alikuwa ameshinda, na kama angenyamaza hapo angeondoka na ushindi wake mzima. Lakini nimeshasema kuhusu ule mdomo.

"Njoo basi uuguse," alimwambia msichana. "Huko nyuma unagusa unapata majibu. Njoo uuguse na ubao, labda utakuonea huruma."

Msichana akaachia waya, akaja. Alipita safu ya nne, ya tatu, ya pili. Katika miaka mitatu alikuwa hajawahi kufika huko isipokuwa kufuta ubao, na ubao unaofutwa hauna la kusomwa. Alisimama mbele ya lile swali karibu kiasi kwamba pua yake ilishika unga wa chaki. Akainamisha shingo. Kichwa kikaanza kwenda kutoka kushoto kuelekea kulia, pole pole, namba baada ya namba, midomo inacheza.

Bi Sifuri aliijua shingo ile. Ilikuwa nyumbani kwake, kwenye cherehani.

Msichana aliomba chaki. Akaandika jibu kwa namba kubwa, kila moja ya kushikwa kwa mikono miwili, mpaka nafasi ikaisha akahamia chini. Hatua zilikuwa za Bi Sifuri, zote, kwa mpangilio wake, mpaka ile tabia yake ya kupigia mstari jibu mara mbili. Zilitoka kwenye yale madaftari sita. Katikati ya kazi msichana alisimama, akarudisha uso karibu na ubao, akagusa namba mbili kwa kidole, moja hapa na moja pale.

"Kumbe hii na hii," alisema, kama anayezungumza peke yake.

Kisha akazikata zote mbili, akamaliza. Jibu lilikuwa sahihi.

"Ukiwa nyuma huoni?" Bi Sifuri aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo.

"Sioni, mwalimu. Kule namsikia mwalimu tu. Kwenye kioo ninazikuza, ndiyo nasoma."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, mwalimu." Msichana hakuwa na hasira, alikuwa anaeleza. "Kidato cha kwanza, wiki ya pili. Nilikuomba nikae mbele. Uliniambia mbele ni pa wenye alama, nikipata alama nitakuja."

Bi Sifuri alitafuta siku hiyo kichwani akaikosa. Maneno aliyatambua, yalikuwa yake, ameyasema mara ngapi hata hajui. Mtoto aliyesimama mbele yake akiyapokea ndiye hakumkumbuka.

Mkaguzi aliuliza jina la msichana ili aliandike. Bi Sifuri akafungua mdomo, na ule mdomo wake usiokauka ukakauka. Akafungua daftari la alama. Mstari wa arobaini na tatu aliokuwa akiuandika kwa mkono wake mwenyewe, mwezi baada ya mwezi, ulisema Mkia, ukasema Mkia, ukasema Mkia. Msichana alisubiri kidogo, akaona hasaidiwi, akamtajia mkaguzi jina lake mwenyewe, na mkaguzi akamwomba arudie maana hakulisikia vizuri.

Ungedhani mambo yangeharibika. Hayakuharibika hata kidogo, na hilo ndilo linalotia kichefuchefu. Mkaguzi aliandika kwamba katika shule hii vifaa vya kisasa vimeibua kipaji kilichojificha. Mkuu alimweka msichana na kishikwambi chake mbele ya ule ubao wa kioo wenye nailoni, akawapiga picha. Neno miwani halikuwemo mahali popote kwenye ripoti. Kabla gari la mkaguzi halijatoka getini, mkuu alimshika Bi Sifuri mkono kwa mikono yake yote miwili akamwambia kidato cha nne ni chake, hana mpinzani, mwalimu aliyemtoa mtoto wa mwisho kwenye giza kwa teknolojia. Waya alikuja kumpongeza kwa moyo wake ule ule mweupe, nyaya zikiwa shingoni. Bi Sifuri alisema asante. Alikipata alichokitaka, na alikaa nacho kwenye chumba cha walimu mpaka wengine wote walipoondoka.

Nyumbani fundi aliomba atungiwe sindano. Mkewe alimtungia bila neno. Fundi akauliza kuna msiba wapi.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliofuata, kidato cha tatu kilitoka nje na mabegi yake bila kuambiwa, kama kilivyozoea. Bi Sifuri alisimama mlangoni. Daftari alikuwa ameliacha ofisini, na wanafunzi walitazama mikono yake mitupu wasielewe wataitwaje.

Akawaambia kwamba leo hataita alama. Asiyeona ubao vizuri aingie kwanza, achague kiti.

Hakuna aliyesogea. Nani asogee? Miaka mitatu amewafundisha kinachompata anayejitokeza mbele yake akiwa na upungufu. Walitazama viatu vyao. Yule msichana mrefu ndiye aliyeokota begi lake akaingia, akakaa kiti cha mbele kabisa, akatoa daftari. Bi Sifuri alimwita kwa jina lake, akamuuliza kama hapo panamfaa. Panafaa, mwalimu.

Kisha, baada ya muda mrefu, mvulana mmoja wa dawati la katikati akaja. Akaja msichana wa dawati la pili kutoka mwisho. Wakaja wawili pamoja, wanashikana mikono kama watoto wa darasa la kwanza. Akaja mmoja ambaye Bi Sifuri alikuwa akimwita Jiwe. Akaja mwingine amefunika uso kwa begi.

Bi Sifuri alisimama pale pale mlangoni akiwahesabu wakimpita. Walikuwa saba. Saba katika darasa moja la mwaka mmoja, na yeye alikuwa mwalimu wa hesabu, kichwa chake hakikumngoja, kikafanya chenyewe kazi kiliyozoea kuifanya. Saba mara ishirini na sita. Mia moja themanini na mbili.